Aliyemuua Nyapara

Mama alipopoteza macho alihamia kwangu Mumbuni, na kazi ya kumsomea ikaniangukia mimi. Presha ya macho ilikuwa imemwanza kimyakimya, ikamla kutoka pembeni, nasi tukidhani anajikwaa kwa uzee tu. Siku daktari alipotuambia kwamba kuona kulikokwenda hakurudi, Mama aliuliza kama bado anaruhusiwa kunywa chai yenye sukari, kisha akasema twende nyumbani.

Alikuwa mtu wa kusoma. Si vitabu vingi: Biblia ya Kikamba, kitabu cha nyimbo, na kipande chochote cha gazeti kilichofungiwa nyama. Nilianza na Biblia, lakini sehemu kubwa aliijua kwa moyo, na kila nilipokosea neno alinisahihisha kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. Tukajaribu redio. Redio ilimuudhi kwa matangazo. Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyuma, ile inayotazama kamba ya nguo na ukuta wa jirani, nami nasoma kitabu changu kimoyomoyo. Nikaguna bila kujua.

"Unasoma nini?" akauliza.

"Kitabu cha mauaji."

"Ameuawa nani?"

"Mtu wa zamani, Mama. Mfanyabiashara wa vitambaa huko Ulaya. Amekutwa ndani ya pipa la rangi."

"Rangi gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia ni ya bluu.

"Nisomee," akasema.

Vitabu hivyo ni ulevi wangu. Riwaya za mauaji ziko nyingi, lakini mimi napenda zile za kale, ambamo watu wanasafiri kwa farasi na kuandika kwa manyoya. Navinunua Tala siku ya soko, kwa mzee mmoja anayevitandaza juu ya turubai katikati ya viatu vya mitumba na mtu wa misumari. Mwenzangu katika duka la dawa ninapofanya kazi anavipenda pia, tunabadilishana, na mara nyingi tumebishana ni kitu gani hasa kinachotuvuta. Yeye anasema raha ni kwamba maiti ni wa zamani mno. "Hana mtu wa kumlilia," aliniambia siku moja tukipanga dawa za kikohozi. "Ukisoma mauaji ya juzi kwenye gazeti unamfikiria mama yake. Lakini huyu wa enzi za wafalme, hata mama yake ni mfupa. Unaweza kumfurahia."

Mimi napenda zaidi mikono mitupu ya mpelelezi. Hana simu ya kufuatilia, hana kamera ya dukani, hana damu ya kupeleka maabara. Lazima aende kwa watu, awaulize, atazame kiatu chenye tope na mkono unaotetemeka ukishika kikombe. Halafu napenda nguo na vyakula na jinsi walivyofua na kulala. Na juu ya yote napenda mwisho. Huku kwetu mtu anauawa, mshukiwa anapelekwa kortini, kesi inatajwa, inaahirishwa, shahidi anahama, na sisi tunasahau. Katika kitabu mtu mmoja anasimama mbele ya wote na kusema, ni wewe. Kisha anaeleza kila kitu, hata kwa nini mbwa hakubweka. Nikitoka kazini nimechoka na wateja wanaotaka dawa bila karatasi ya daktari, ukurasa huo ndio unaonirudisha sawa.

Kwa Mama, kuufikia ukurasa huo ilikuwa shughuli.

Kwanza vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, na Mama anataka Kikamba, kwa hiyo nilikuwa nikisoma kwa macho lugha moja na kutamka nyingine. Theluji niliita mvua ya mawe iliyo laini, na tukapoteza alasiri nzima kwa sababu alitaka kujua inawezaje kuwa ya mawe na bado laini. Pili, Mama hakujali aliyeua. Alijali mambo ambayo mwandishi hakuyaandika.

"Punda wa huyo aliyekufa sasa wanalishwa na nani?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Basi aliyeandika hajui mambo ya nyumba."

Au tukiwa pale ambapo mpelelezi, mjane mwoka mikate, amejificha nyuma ya pazia na muuaji anapanda ngazi, Mama ananyoosha mkono. "Ngoja. Wamekula supu ya kabichi tena? Watu hawa hawana maharagwe?" Namwambia sijui. Anasema kabichi pekee haiwezi kumshikilia mtu anayefanya kazi ya rangi. Wakati huo muuaji bado yuko kwenye ngazi, na mimi nataka kulia.

Tulipofika mwisho wa kitabu cha pipa, nilijitengeneza kwenye kiti kama msomaji wa taarifa ya habari. Mjane akawakusanya watu wote karakanani, akazungumza, akamwelekezea kidole kijana wa vitabu vya hesabu. Nikanyamaza ili Mama ashangae.

"Nilijua," akasema. "Tangu asubuhi ile aliyoomba kuongezwa uji."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Mtu akiua, siku hiyo anakula sana. Anakula kama aliyetoka safari."

"Wewe umejuaje hayo?"

"Nilimwona mmoja," akasema, kama mtu anayesema aliwahi kuona twiga.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Hadithi ile sikuipata kwa siku moja. Niliipata vipande vipande, kipande kimoja kati ya sura na sura, na kila kipande nilikilipia kwa kuendelea kusoma. Ilikuwa kabla ya Uhuru, Mama akiwa msichana mdogo huko kwao, upande wa nyuma wa vilima. Serikali ya Mzungu ilikuwa imeamuru milima ichimbwe mitaro, kwa sababu udongo ulikuwa unakimbilia mtoni kila mvua iliponyesha. Mitaro hiyo iko mpaka leo. Ukipita njia ya juu unaiona imepanda mlima kama ngazi, imeota majani, na hakuna anayewaza nani aliichimba. Waliichimba wanawake. Wanaume wengi walikuwa Nairobi kwenye kazi za watu, kwa hiyo kila boma lilitoa mama mwenye jembe, na mtoto mgongoni kama alikuwa naye.

Juu yao chifu aliweka nyapara, mtu wa mlima mwingine, mwenye kiboko, filimbi, na kijiti cha kupimia kina. Kina cha mtaro wako kikipungua kijiti chake, unachimba upya. Mama anasema alikuwa na mazoea ya kupima mtaro wa mwanamke fulani mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akisimama karibu kuliko ilivyohitajika. Nilipomuuliza ni mwanamke gani, alisema walikuwa wengi.

Asubuhi moja nyapara akakutwa amelala kifudifudi ndani ya mtaro, kichwa kimepasuka, udongo umemfunika nusu.

Mzungu alikuja na askari. Aliuliza maswali kupitia karani, akachukua mwanamume mmoja aliyekuwa amegombana na nyapara kwa ajili ya mbuzi, na mtu huyo akafungwa miaka mingi. Lakini wazee wa mlima hawakuridhika na maneno ya karani. Wakaleta kithitu, kiapo cha Wakamba, kile ambacho ukikila kwa uongo kifo kinaingia nyumbani kwako na kuhesabu watoto. Wanaume wote wakakila, mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa.

"Wanaume," nikasema. "Na wanawake?"

"Nani angewauliza wanawake?"

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua mlango ukifunguka. "Mama, wewe uliona nini?"

Alfajiri ile, akasema, alitangulia mtoni na kibuyu chake kabla ya wasichana wengine, kwa sababu maji ya kwanza hayana tope. Akamkuta mwanamke ameinama kwenye jiwe, anaosha jembe. Analisugua kwa mchanga, mpini na chuma, analigeuza, analisugua tena.

"Nani huosha jembe asubuhi, kabla ya kwenda kulima?" Mama aliniuliza.

"Ni nani?" nikasema.

"Soma kitabu."

"Mama. Alikuwa nani?"

"Nilimwambia mama yangu nilichokiona. Akasema sikuona kitu. Kwa hiyo sikuona kitu. Soma."

Nilisoma, lakini sijui nilisoma nini.

Wiki zilizofuata nilikuwa mpelelezi mbaya wa mama yangu mwenyewe. Nilimwuliza kama mwanamke huyo alikuwa mrefu. Alisema wakati ule kila mtu alikuwa mrefu kwake. Nilimwuliza kama alikuwa na mtoto mgongoni. Alisema ilikuwa alfajiri, watoto wamelala. Nilijaribu kumwingia kwa upande, nikimwomba anitajie akina mama wote waliokuwa kwenye mwethya, kile kikundi cha kazi, eti nataka tu kujua koo za kwao. Alinitajia wote kwa furaha, na nani alimzaa nani, na nani aliolewa wapi, mpaka muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ukaungua jikoni, na mwisho akasema, "Umemaliza kuwahesabu? Sasa endelea na kitabu."

Kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuwa amesahau. Angekuwa amesahau ningenyamaza. Alikumbuka rangi ya mchanga. Alikumbuka kwamba mwanamke yule alikuwa akiimba kwa pua wimbo wa kanisani. Jina alikuwa nalo mdomoni kama mtu mwenye peremende, na alikaa pale kwenye baraza yangu akilizungusha.

Siku moja nilimkasirikia waziwazi. Nilikuwa nimetoka kazini na miguu imevimba, na kitabu kilichokuwa mkononi kilikuwa kibovu, kile ambamo unamjua muuaji kabla maiti hajapoa. Nikakifunga.

"Mama, kuna mtu alifungwa bure. Ana wajukuu. Wajukuu wake wanaitwa mpaka leo watu wa yule aliyeua nyapara. Wewe unajua si kweli, na umekaa kimya maisha yako yote. Katika vitabu hivi, mtu kama wewe ndiye mbaya."

Hakukasirika. Alipapasa mkono wa kiti mpaka akapata kikombe chake.

"Yule aliporudi kutoka jela," akasema, "mgongo wake ulikuwa umekwisha. Hakuweza kuinua jembe. Je, shamba lake liliwahi kulala bila kulimwa?"

"Nitajuaje?"

"Halikulala. Kila mvua ilipokaribia, wanawake wa mlima walikwenda. Hakuwaita. Hakupika. Walilima, wakapanda, wakapalilia, wakaenda zao. Mama yangu alikwenda. Nilipokua, mimi nilikwenda. Mpaka alipokufa yeye na mke wake. Na yeye hakuuliza kwa nini hata siku moja. Unafikiri alikuwa mjinga?"

Sikutulia, na sitajifanya kwamba nilitulia. Kulima shamba si sawa na kusema ukweli. Nilimwambia hivyo.

"Kusema ukweli kwa nani?" akasema. "Karani amekufa. Mzungu ameenda kwao. Waliobaki ni watoto wa watoto, na wanakaa benchi moja kanisani. Wewe unataka jina ili ulale vizuri."

Ni kweli nilitaka kulala vizuri. Sioni dhambi ya jambo hilo.

Kaka yangu mdogo anaishi Syokimau na anafanya kazi katika kiwanda Athi River. Huja Jumapili na gari lake, analeta matunda aliyoyanunua Kyumbi kwenye njia panda, anakula, analala kwenye kochi mdomo wazi, anarudi. Hasomi. Nadhani tangu amalize shule hajafungua kitabu kisichokuwa na maelezo ya mashine. Jumapili moja, Mama akiwa amejinyoosha chumbani, nilimweleza habari ya nyapara kwa sababu nilihitaji kumweleza mtu wa damu yangu. Alinisikiliza huku akimenya chungwa.

"Ah, hiyo," akasema. "Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Hiyo ya jembe. Na huyo mama mwenyewe."

Nilimshika mkono. Juisi ya chungwa ikanichuruzikia. "Alikutajia jina?"

"Eeh. Ile siku nilimpeleka hospitali ya macho, ile mara ya kwanza. Tulikuwa kwa gari."

"Nani?"

Kaka alitafuna, akatazama dari. Namjua tangu azaliwe, na nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Siz, sikumbuki. Nilikuwa natafuta pakingi."

Sijawahi kumpiga kaka yangu tangu utotoni, na siku ile pia sikumpiga. Nilimwambia afikirie vizuri. Akafikiria. Akasema lilikuwa jina la kawaida. Nikamuuliza ni la kawaida namna gani. Akasema la kawaida tu, la akina nyanya. Nikamuuliza kama hakushangaa kuambiwa jambo kama hilo na mama yake kwenye gari. Akasema alishangaa, lakini kulikuwa na lori limeziba mlango.

Nilikwenda chumbani. Mama alikuwa macho, ametazama ukutani kama anavyotazama sasa, bila kutazama.

"Umemwambia yeye," nikasema. "Mimi nakusomea kila siku sauti inakauka. Yeye umemwambia."

"Amekuambia nilimwambia?"

"Amesahau."

Mama akacheka kidogo, si kwa kunidhihaki. "Ndiyo sababu," akasema.

"Sababu gani?"

"Nilikuwa nakwenda kuambiwa kama macho yangu yanaisha. Nilitaka kulitua jina lile. Niliona nikilitua kwako utalibeba. Utalipeleka kazini, utamwambia yule mwenzako wa vitabu, utaenda kijijini uwatazame watu usoni. Huyu nilijua ataliacha hapohapo kwenye gari. Na mimi ningekuwa nimelitua."

Nilitoka nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikaanua shuka ambazo hazijakauka. Kumsomea mtu mwaka mzima, kumtafsiria mpaka mvua za nchi asizozijua, halafu kuambiwa kwamba huaminiki kwa sababu unasikiliza vizuri. Kama angesema ananiona mdaku, ningemjibu. Lakini alikuwa amenisifu, na sifa yenyewe ndiyo ilikuwa kufuli.

Baadaye mwaka huo tukapata habari kwamba nyanya yetu mdogo amefariki. Alikuwa mke wa ndugu yake babu mzaa mama, na ndiye wa mwisho wa rika lake. Aliolewa msichana mbichi katika boma lile Mama alimozaliwa, nyumba yake mkono wa kushoto, ya kwao Mama mkono wa kulia, ua mmoja, jiko moja. Mama, ambaye tangu macho yaende alikuwa amekataa harusi na matanga yote, alisema atakwenda. Kaka akaja na gari.

Mazishi yalikuwa ya adabu, hema za kukodi, kwaya yenye sare. Aliyesoma wasifu wa marehemu alisema alikuwa mwanachama wa kwanza wa chama cha akina mama parokiani na kwamba alishiriki kuchimba mitaro ya mlima huu kwa mikono yake. Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Mama. Uso wake haukusema kitu. Wakati wa kutupa udongo aliomba nimpeleke mpaka ukingoni, akachota kwa mkono, akaurusha, akabaki ameinama hapo muda mrefu mpaka padre akatupa jicho. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilijaribu kusikia, nikasikia kwaya.

Kisha msichana mmoja akaja kutusalimu, mjukuu wa yule aliyefungwa. Mama alimjua kwa sauti. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwuliza kama wamepanda. Msichana akasema wamepanda. Mimi nilisimama pale na mdomo wangu, nikijua kwamba babu yake hakuua mtu, na nikikosa jina la kuweka mahali pake. Nilimwuliza habari za shule. Akasema alimaliza zamani, sasa anafundisha.

Njiani kurudi Mama alisinzia nyuma. Tulikuwa tumeshateremka vilima kaka alipopunguza redio.

"Siz," akasema. "Nafikiri nimekumbuka. Pale waliposoma wasifu, likanijia."

Nikangoja.

Akalitaja jina.

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi bila kuliandika hapa, na siliandiki. Lakini ni jina ambalo nusu ya wanawake wa mlima ule wanalo. Aliyezikwa siku ile alikuwa nalo. Nyanya yetu mwenyewe, mama yake Mama, yule aliyemwambia hakuona kitu, alikuwa nalo. Na mimi ninalo, kwa sababu nilipewa la nyanya, ingawa halitumiki na kaka huniita Siz tu.

"Yupi?" nikamuuliza. "Alisema wa nani? Wa nyumba gani?"

"Alisema jina tu."

"Hukumwuliza?"

"Ningeuliza nini? Nilikuwa sijui kuna wengi."

Nilikaa na hayo mpaka nyumbani. Nilifanya kile ambacho wapelelezi wangu wa vitabuni wangefanya, nikapanga nilichokuwa nacho. Mama alijua kwamba mwanamke yule alikula siku nzima kama aliyetoka safari. Mtoto hajui alichokula mwanamke siku nzima kama si wa jiko moja naye. Basi ni wa boma. Lakini boma lilikuwa na wawili wenye jina lile, na jiko lilikuwa la wote wawili. Mmoja alimkanya Mama asiseme kitu. Hiyo inaweza kuwa kwa sababu alijilinda, na inaweza kuwa kwa sababu alimlinda mke kijana wa shemeji yake, msichana aliyekuja kwenye mlima ule bila ndugu, ambaye huenda nyapara alikuwa akipima mtaro wake. Katika kitabu kungekuwa na kitu kimoja zaidi. Kifungo cha nguo. Shahidi wa pili. Mimi shahidi wangu wa pili ni kaka yangu.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi. Mwenzangu wa dukani aliniuliza mazishi yalikuwaje, nikamwambia yalikuwa mazuri, na nilipofungua kinywa kumwambia lililobaki nikajikuta nauliza kama tumeletewa dawa za minyoo. Hilo pia liliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimelificha, jambo ambalo Mama alisema singeweza, na sikulificha kwa wema. Sikuwa na cha kumwambia. Ningemwambia jina, angeniuliza yupi.

Alasiri tukakaa barazani. Nilikuwa na kitabu kipya, cha mji wenye bandari na hakimu aliyekutwa amekufa juu ya meza ya chakula. Sikukifungua.

"Mama, kaka ametaja jina."

Jirani alikuwa akimwaga maji ya kufulia, yakateremka kwenye mfereji mpaka yakaisha.

"Amelikumbuka," Mama akasema.

"Ndiyo. Sasa niambie ni yupi. Ni huyu tuliyemzika, au ni nyanya?"

"Ungependa awe nani?"

Sikutegemea swali hilo. Nilitaka kusema kwamba halihusiani na kupenda, kwamba kitu ama kimetokea ama hakikutokea. Lakini nilijua jibu langu kabla sijalikataa. Nilitaka awe nyanya. Nilimkumbuka vizuri, mikono yake mikavu, jinsi alivyotufunga kanga kifuani tukiwa wadogo, na nilitaka iwe mikono hiyo. Nikaona aibu, nikakasirika zaidi.

"Nataka iwe kweli," nikasema.

"Kweli ni kwamba walikuwa wakila sahani moja," Mama akasema. "Fungua kitabu. Hakimu alikuwa anakula nini?"

Nikafungua. Nilisoma kwa hasira, haraka, nikibana aya mbili ziwe moja, nikimwacha mpishi na mtumishi na maelezo ya samaki, nikitaka tu kufika pale ambapo mtu anaanza kuuliza maswali.

"Umeruka," Mama akasema.

Nikarudi juu ya ukurasa.